Hatua ya pili ya pedeli

Jumapili usiku.

Mikono bado inanuka grisi, na nimeisugua kwa sabuni ya unga mara mbili. Nilitaka kuandika tangu Jumatano nikashindwa. Kila nikikaa, naiona ncha ya kanga ya mama mdogo.

Jumatano tulikuwa kwa jirani, tumefunga mashine ya kupukuchua mahindi nyuma ya trekta, Massey Ferguson 135 ya marehemu baba. Msimu ndio huu. Mahindi yamekauka, kila nyumba ina rundo lake uani, na kila mwenye rundo anataka magunia yake yafike soko la Kibaigwa kabla bei haijashuka. Tulikuwa tumeshatoa gunia kumi na kitu. Mama mdogo alikuwa anafagia punje zilizoruka, akazifuata mpaka karibu na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine. Upepo ukaja, huu upepo wetu wa Kongwa usio na adabu, ukainua ncha ya kanga.

Binamu akapiga kelele: "Zima!"

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nikakanyaga klachi mpaka mwisho. Propela haikusimama. Haikupunguza hata kidogo, kana kwamba mguu wangu haukugusa kitu. Nikaivuta stopu, injini ikakohoa, ikafa, na ngoma ya mashine ikaendelea kujizungusha kwa uzito wake mpaka nguvu zikaisha. Mama mdogo alikuwa amesharuka nyuma zamani, kanga ameibana kifuani kwa mikono miwili. Hakusema neno. Alikwenda kukaa chini ya mwarobaini, akaomba maji.

PTO ya trekta hili, ile ncha ya shafti nyuma inayozungusha propela, imetengenezwa izunguke mara 540 kwa dakika. Gawanya kwa 60 unapata mara 9 kila sekunde. Kanga ikishika pale, hakuna mtu mwenye mkono wa haraka kuliko hiyo.

Dalili nilikuwa nazo, na hili ndilo linaloniuma. Tangu mwezi wa nne, nikitaka kuingiza PTO, meno yalikuwa yanasaga. Unakanyaga klachi, unasukuma mkono wa PTO, unasikia krrrr mpaka kwenye nyayo. Niliamini meno yamelika kwa uzee. Trekta za aina hii zilianza kutoka kiwandani Coventry, Uingereza, mwaka 1964. Nikajiambia kitu chenye umri huo lazima kilalamike. Nikazoea kuliingiza PTO injini ikiwa imezimwa, kisha nawasha. Kazi ikaendelea, nami nikaona nimepata dawa.

Fundi wa kwanza niliyempigia hakuja hata kuliangalia. Alisema kwenye simu: pasua trekta, nunua klachi nzima, sahani zote mbili. Kupasua maana yake ni kulitenganisha katikati, injini huku, giaboksi kule, na kuliweka juu ya magogo siku tatu au nne katikati ya msimu. Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi ya trekta. Fedha hiyo sina, na siku hizo nne ndizo zinazolipa ada ya mdogo wangu.

Ijumaa nikamfuata mzee mmoja kijiji cha pili. Zamani alikuwa akimtengenezea baba. Alikuja kwa baiskeli, mfuko wa spana umefungwa nyuma kwa mpira. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za mama kwanza, kisha akalizunguka trekta bila kuligusa.

"Binti, gia zinaingia kimya?"

"Zinaingia vizuri, mzee. Haijawahi kusaga gia."

"Na majembe? Ukikanyaga klachi mpaka mwisho huku umeyaagiza yapande, yanasimama njiani au yanaendelea kupanda?"

Sikujua. Nimeendesha trekta hili msimu wa pili sasa na sijawahi kuliangalia jambo hilo. Tukaliwasha, nikainua jembe, nikakanyaga. Jembe likaendelea kupanda taratibu mpaka juu.

Mzee akatikisa kichwa, akaniambia nizime. Akaeleza kwa mikono, kiganja juu ya kiganja. Klachi ya 135 ya aina yetu ni mbili ndani ya nyumba moja. Pedeli ikishuka nusu, inaachia sahani ya kwanza, ile ya kutembea: magurudumu yanasimama, PTO na haidroliki, ile inayoinua jembe, vinaendelea. Ndiyo maana unaweza kusimamisha trekta shambani huku mashine ya nyuma inamalizia kazi yake. Ukiendelea kushuka mpaka chini kabisa unakuta uzito mpya chini ya mguu, na huo uzito ndio sahani ya pili inayoachia. Hapo ndipo PTO inakufa, na pampu ya haidroliki nayo.

"Gia zako haziguni," akasema, "kwa hiyo hatua ya kwanza unaifika. Ya pili huifiki. Tutafute nani anakuzuia."

Maneno hayo yalinitoa jasho la baridi. Baba alikuwa akiniambia nikiwa mdogo, nimekaa kwenye mdigadi: "Sikiliza mguu, kuna mlango wa pili." Nilidhani ni mithali zake.

Mzee akapiga magoti. Akaikandamiza pedeli kwa kiganja, akahesabu mchezo wake wa bure kabla haijaanza kugusa kitu, akaona ni mkubwa kupita kiasi. Bushi, vile vipete vinavyoshika mhimili wa pedeli, zimelika. Hapo kuna safari inayopotea bure juu. Kisha akaniambia nikanyage mpaka mwisho, akalala chali kwenye vumbi na kurunzi mdomoni. Akakaa kimya kidogo. Akanyoosha kidole.

Mwaka jana ubao wa kukanyagia upande wa kushoto ulikuwa umeoza kwa kutu. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea, akaweka bamba nene la chuma juu ya lile la zamani badala ya kuliondoa. Kazi imara, nililipa kwa furaha. Lakini bamba hilo limepandisha sakafu. Mkono wa pedeli ulikuwa unaligonga kabla safari haijaisha. Palikuwa na alama: mstari uliong'aa kama fedha kwenye rangi, upana wa kidole changu cha mwisho, pale chuma kilipokuwa kikibusu chuma kila siku kwa mwaka mzima. Nilipandia juu ya ubao huo kila asubuhi.

Safari imepotea juu kwa bushi, ikapotea chini kwa bamba. Sahani ya pili haikuwa na kosa lolote.

Kabla ya kukata kitu, mzee aliangalia jambo jingine, na nampenda kwa hilo. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu dogo lenye pini ya kupinda. Pini hiyo imekaa humo ili icheze na kuzuia tundu lisizibe, oili ikivuja ndani ipate pa kutokea badala ya kulowesha sahani. Yetu ilikuwa imeganda kwa tope. Akaichokonoa kwa waya. Likatoka vumbi kavu, hakuna tone. Akasema sili ni nzima, tuendelee.

Jana tulikata bamba kwa grenda, tukabadilisha bushi, akarekebisha mchezo wa pedeli. Kisha akafungua kifuniko cha kuchungulia na kupima upenyo kwenye bolti tatu za klachi ya PTO, milimita 2 hivi kila moja, kwa sababu zikitofautiana sahani inaachia upande mmoja na kung'ang'ania upande mwingine. Moja ilikuwa imelegea. Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda: unazungusha injini kwa mkono kidogo kidogo mpaka bolti ije dirishani, unapima, unafunga, unazungusha tena. Jua lilituchoma mgongoni mpaka saa kumi.

Jaribio tulilifanya bila mashine, propela imetolewa. Mzee alichora mstari wa chaki kwenye ncha ya shafti. Nikawasha, nikakanyaga. Nusu ya njia nikakutana na uzito ninaoujua. Nikasukuma zaidi, na chini ya wayo kukatokea mwingine, mzito, wa kistaarabu. Nikahesabu mpaka kumi. Nikasukuma mkono wa PTO. Ukaingia kimya kama kisu kwenye ugali. Nikaachia, chaki ikageuka kuwa duara jeupe. Nikakanyaga tena mpaka chini, duara likavunjika, likawa mstari, mstari ukasimama.

Nililia kidogo. Mzee alijifanya anatafuta spana.

Lile kava la chuma linalokaa juu ya ncha ya shafti halipo, lilitolewa nami sijazaliwa. Propela nayo imevaa mfuko wa plastiki uliopasuka. Kesho asubuhi, kabla ya kwenda kwa mteja yeyote, napeleka vipimo kwa mchomeleaji mwingine, na safari hii nitasimama pale pale mpaka amalize. Wateja wawili nimeshawapigia kuwaambia wasubiri mpaka Jumanne. Mmoja amekasirika. Nimemwomba radhi.

Jioni nilikwenda kumwambia mama mdogo. Nilimkuta anachambua mboga. Nikamweleza habari ya bamba, bushi, hatua ya pili, yote. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Jumanne tunaanzia kwa nani, maana ufagio wake aliuacha kule kwa jirani na anauhitaji.

Nikamwambia Jumanne atafagia baada ya mimi kushuka kwenye kiti, injini ikiwa imezimwa.

"Basi ushuke mapema," akasema, "punje zinaliwa na kuku."