Kuhamisha Kigiriki cha kale kutoka fonti za zamani hadi Unicode kwa makro za Word

Fungua tasnifu ya theolojia iliyotaipiwa enzi za Windows 98 kwenye kompyuta ya saiba yoyote pale Tom Mboya Street, Nairobi, na palipokuwa na Yohana 1:1 (Ἐν ἀρχῇ ἦν ὁ λόγος) huenda ukakuta hivi:

0En a0rxh=| h]n o9 lo&goj

Faili haijaharibika. Hicho ndicho kilichomo ndani yake tangu siku ilipoandikwa. Mwandishi alitumia SPIonic, fonti inayochora alfa ukibonyeza a na theta ukibonyeza q. Kompyuta yenyewe haikuwahi kujua kwamba hapo pana Kigiriki. Fonti ikikosekana, zinabaki herufi za Kilatini na tarakimu zilizokuwepo siku zote.

Kwa hiyo jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote ni hili: usiguse fonti kabla ya kugeuza maandishi. Jina la fonti ndilo ushahidi pekee wa kipi ni Kigiriki na kipi sicho. Anayebonyeza Ctrl+A na kuchagua Times New Roman ili faili "ipendeze" amefuta ushahidi huo, na makro (programu fupi inayoendeshwa ndani ya Word) haiwezi tena kujua kama "tini" ni τινι au ni tunda. Hasara ni ileile ukibadilisha fonti ya staili iliyobeba Kigiriki, au ukimtumia mwenzako aya kwa WhatsApp halafu yeye akaibandika kwenye Word. Wanafunzi wa vyuo vya theolojia vya Karen, Lang'ata na Limuru wanaorithi maandishi ya walimu wao wachukue kwanza nakala ya faili asili, waifungie pembeni, ndipo waanze kazi.

Hatua inayofuata ni kuijua faili kabla ya kuandika makro. Chagua alfa moja tu, bonyeza Alt+F11, kisha Ctrl+G. Katika kidirisha kinachofunguka chini andika:

?AscW(Selection.Text)

Ukipata 97, herufi imehifadhiwa kama a ya kawaida, na kazi ni nyepesi. Ukipata -3999, fonti iliundwa kama fonti ya alama, na Word imeiweka herufi kwenye eneo la matumizi binafsi la Unicode (mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake), U+F061. Namba inakuja hasi kwa sababu AscW hurudisha namba yenye ishara ya biti 16. Hapo jedwali lako la kugeuza herufi, tutakalolifikia hapo chini, litafute ChrW(&HF061&), ambapo ChrW ni amri inayotoa herufi kutokana na namba yake, na usisahau ile & ya mwisho. Ukipata 40 ilhali unaona alfa, herufi iliingizwa kupitia menyu ya alama na Word inaificha: inakuonyesha mabano badala ya msimbo halisi. Hizo nazo zitafute kwa msimbo wa F0, wala usiamini jina la fonti ambalo Word inakupa hapo.

Hakikisha pia ni fonti ipi hasa. Majedwali hayaazimani. Kwenye SPIonic x ni khi na c ni ksi. Kwenye Symbol, fonti ya alama inayokuja na Windows, ni kinyume: c ni khi na x ni ksi. Kwenye SPIonic j ni sigma ya mwisho wa neno, ilhali kwenye Symbol j ni umbo la pili la fi na sigma ya mwisho ni V. Ukitumia jedwali la moja kwa nyingine, Χ ya Χριστός itatoka Ξ, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaokuonya.

Makro yenyewe ni fupi:

Sub Badili(tafuta As String, weka As String)
  Dim r As Range
  For Each r In ActiveDocument.StoryRanges
    Do Until r Is Nothing
      With r.Find
        .ClearFormatting
        .Replacement.ClearFormatting
        .Text = tafuta
        .Font.Name = "SPIonic"
        .Replacement.Text = weka
        .Replacement.Font.Name = "Gentium Plus"
        .Format = True
        .MatchCase = True
        .MatchWildcards = False
        .Wrap = wdFindStop
        .Execute Replace:=wdReplaceAll
      End With
      Set r = r.NextStoryRange
    Loop
  Next
End Sub

Kitanzi cha StoryRanges, yaani sehemu zote za waraka, kipo kwa ajili ya tanbihi. Ukitafuta kwenye mwili wa waraka peke yake, tanbihi zote zinabaki na SPIonic, na kwenye tasnifu ya ufafanuzi wa Biblia nusu ya Kigiriki huwa huko chini. MatchCase lazima, la sivyo A na a zinahesabiwa kitu kimoja. MatchWildcards izimwe, kwa kuwa mabano na mkwaju wa nyuma, ambavyo kwenye SPIonic ni alama za pumzi na mkazo, vina maana nyingine kabisa ikiwashwa. Kubadilisha fonti papo hapo kunazuia herufi iliyokwisha kugeuzwa isiguswe mara ya pili.

Sasa jedwali, ambalo ndilo kazi yenyewe. Kila safu ni mwito mmoja:

Badili "h=|", ChrW(&H1FC7)
Badili "h|=", ChrW(&H1FC7)
Badili "h]", ChrW(&H1F26)
Badili "0E", ChrW(&H1F18)
Badili "a0", ChrW(&H1F00)
Badili "o9", ChrW(&H1F41)
Badili "o&", ChrW(&H3CC)
Badili "h", ChrW(&H3B7)
Badili "j", ChrW(&H3C2)

Mpangilio si mapambo. Vifungu virefu vitangulie: herufi yenye alama mbili au zaidi, kisha yenye alama moja, na herufi tupu mwishoni kabisa. Ukianza na "h", unapata η safi na nyuma yake =| imebaki yatima, bila herufi ya kuibeba. Ukianza na "h=", inabaki | peke yake. Safu mbili za kwanza zina jibu moja kwa sababu kuna wanaotaipu mkazo kwanza na wengine iota ya chini (|) kwanza. Faili moja yaweza kuwa na yote mawili. Vilevile SPIonic ina maumbo mawili ya alama ileile kwa herufi pana na nyembamba: pumzi laini ni ) au 0, pumzi nzito ni ( au 9, mkazo mkali ni / au &, mkazo mzito ni \ au _. Andika zote mbili kwa kila irabu hata kama kanuni ya fonti ingetaka moja, maana waliotaipu hawakuifuata sikuzote. Kwa herufi kubwa alama hutangulia, kama 0E hapo juu, na safu hizo ziwe juu pamoja na vifungu virefu.

Usijaribu kuandika Kigiriki chenyewe ndani ya dirisha la VBA, lugha ya makro za Word. Kwenye mashine zetu za Kiingereza kinageuka alama za kuuliza, ndiyo maana kila kitu kinapitia ChrW.

Angalia pia ile &H3CC ya ό. Unicode ina omikroni nyingine yenye mkazo mkali, U+1F79, na kwa macho ni ileile. Kwa kanuni za Unicode hizo mbili ni sawa, na umbo sanifu la NFC huchagua 03CC. Word haizisawazishi inapotafuta, kwa hiyo λόγος yenye 1F79 haitapatikana na mtu aliyetaipu yenye 03CC. Irabu zote saba zina mapacha hawa. Tumia zile za eneo la 0370 hadi 03FF kila irabu inapokuwa na mkazo mkali peke yake.

Kabla ya kuendesha makro, zima ufuatiliaji wa mabadiliko. Ukiwashwa, maandishi ya zamani hayaondoki, yanabaki kama yaliyofutwa, na waraka unakuwa na kila neno mara mbili. Faili ikiwa ya Beta Code, mfumo wa David Packard wa kuandika Kigiriki kwa herufi za Kilatini, unaotumiwa na Thesaurus Linguae Graecae (hazina ya kidijitali ya maandishi ya Kigiriki), kuna kazi ya ziada: s yaweza kusimama popote, na wewe ndiwe unayeamua ipi ni ς. Sigma iliyo mbele ya nafasi au kituo inageuka. Iliyo mbele ya apostrofi ya herufi iliyodondoshwa, kama σ’ ya Homer, inabaki σ.

Ukimaliza, fungua Ctrl+H, weka ^$ kwenye sehemu ya kutafuta, na kwenye umbizo chagua SPIonic. Hiyo hutafuta herufi yoyote iliyobaki na fonti hiyo, na kila inayopatikana ni safu uliyoisahau. Kisha tafuta vivyo hivyo alama zilizobaki peke yake: 0, 9, &, _, | na wenzao. Nafasi na mkato zitakuwa bado SPIonic. Hizo zibadilishe fonti kwa mkono, lakini mwisho kabisa, baada ya ukaguzi huo. Gentium Plus ya shirika la SIL ni ya bure na ina herufi zote za Kigiriki cha kale. Palatino Linotype nayo huja na Windows. Hata hivyo ukienda kuchapisha mjini, peleka PDF iliyobeba fonti ndani yake.