Gĩkũyũ ilivyogeuka Gky

Wiki iliyopita rafiki yangu anayeandika tasnifu ya isimu alinitumia meseji saa nne usiku, eti supavaiza wake amefungua PDF akatafuta neno mũndũ na kompyuta ikamwambia halipo, na neno lenyewe liko pale ukurasa wa kwanza analiona kwa macho yake mawili. Templeti ya LaTeX (programu ya kupanga maandishi, unaandika amri na yenyewe inatoa PDF) nilimtengenezea mimi, kwa hivyo msalaba ulikuwa wangu.

Huu ni ugonjwa wa zamani. pdfLaTeX, kompaila ya kawaida ya kugeuza faili la LaTeX kuwa PDF, inatumia fonti zenye nafasi 256 tu, na ile enkodingi ya T1 (mpangilio wa herufi ipi inakaa nafasi ipi) ambayo wengi wetu tunaiweka kwa mazoea ilipangwa kwa ajili ya lugha za Ulaya, ina é, ina ö, ina ñ, lakini ĩ na ũ za Gĩkũyũ hazimo. Sasa inachofanya ni kuchukua u ya kawaida na kuivisha kiwimbi juu kama kofia. Kwenye karatasi hujui tofauti. Ila ukikopi, kiwimbi kinakuja kivyake na u kivyake, mambo ya kutafuta neno sahau, halafu neno lenye herufi ya kubandikwa hivyo halikatiki vizuri mwisho wa mstari. Na hii ni lugha ya irabu saba, mbili kati yake ndizo hizo, kwa hivyo hapo karibu kila sentensi ina kidonda.

Nikamwambia tulia, tunahamia XeLaTeX, kompaila nyingine, hiyo inasoma Yunikodi (orodha inayoipa kila herufi namba yake) moja kwa moja, kazi ya dakika tano. Nikabadilisha kompaila kwenye menyu, nikabonyeza, ikapita bila kosa hata moja, nikamtumia PDF bila hata kuifungua (nilikuwa nataka kulala, nikiri tu). Asubuhi napigiwa simu, jalada linasoma "Nomino za Gky". Kĩrĩnyaga imekuwa Krnyaga. Mũndũ imekuwa mnd, kama meseji ya mtoto wa sekondari.

Kumbe nilibadilisha kompaila nikaacha T1 na fonti zake za lmodern palepale kwenye templeti. pdfLaTeX huwa na jedwali la kutafsiri herufi kabla haijafika kwenye fonti, XeLaTeX haina habari na jedwali hilo, inachukua namba ya herufi ya Yunikodi na kuiendea moja kwa moja kwenye fonti. Namba ya ũ ni 361, ile fonti inaishia 255, basi inairuka na maisha yanaendelea. Kilichonichekesha ni kwamba majina ya Kifaransa kwenye marejeo yalikuwa salama kabisa, kwa sababu é ni 233 na kwa bahati T1 nayo imeiweka é kwenye 233. Lakini kichwa kimoja cha Kijerumani kilikuwa na neno große kikatoka groSSe, maana kwenye nafasi ya 223 ambako Yunikodi ina ß, T1 imeweka SS kubwa.

Na haya yote hayahesabiwi kuwa kosa! Yamezikwa tu kwenye logi, lile faili la ripoti ya kompaila, mstari baada ya mstari, `Missing character: There is no ũ in font ec-lmr12!` na nani husoma logi ya mistari elfu mbili PDF ikishatoka. Kama una TeX Live (mkusanyiko wa programu hizi za LaTeX) ya 2021 au mpya zaidi weka `\tracinglostchars=3` juu kabisa ya faili, hapo herufi ikikosekana inakuwa kosa la kweli na kompaila inapiga kelele. Mimi sasa naiweka kwenye kila kitu.

Dawa yenyewe ni fupi, toa paketi za inputenc, fontenc na lmodern, weka fontspec (paketi ya kuchagua fonti kwenye XeLaTeX) na fonti yenye herufi unazozihitaji, mimi nilichukua Charis ya SIL ambayo ni ya bure. Gĩkũyũ ikarudi nzima na kutafuta kukakubali.

Nikadhani tumemaliza, kumbe ng' inatungoja. Kwenye maandishi ya kawaida ng'ombe alikuwa na ile alama iliyojikunja vizuri, kwenye vichwa vya sura imesimama wima kama msumari. Vichwa nilivipa fonti yao kwa `\newfontfamily`, na fontspec huwa inawasha `Ligatures=TeX`, ile inayogeuza alama za kibodi kuwa za uchapaji, yenyewe kwa fonti kuu na ile ya sans tu, hizi nyingine unaiandika mwenyewe, la sivyo hata `---` inabaki vistari vitatu.

La mwisho ndilo lililonila jioni nzima. Faharasa ilikuwa na mũndũ mara mbili, zimefuatana, ukizitazama ni mapacha. Moja ameiandika kwa kibodi, ũ kama herufi moja, nyingine ameipesti kutoka mahali fulani ikaja kama u na kiwimbi U+0303 nyuma yake. pdfLaTeX ingeigomea palepale, XeLaTeX inaziunganisha kimyakimya na unaona kila kitu kiko sawa. Nikapitisha faili zote kwenye `uconv -x any-nfc`, amri inayogeuza u na kiwimbi chake kuwa ũ moja, nikakompaili upya, mapacha wakawa mtu mmoja.

Supavaiza amelipata neno lake. Sasa analalamikia sura ya tatu, na hiyo si ya kompaila.