Genova, Mji wa Mahamali

Nimeishi Genova, mji wa bandari wa Italia, kwa miaka tisa sasa, na kazi yangu ni kumtunza mzee mmoja aliyestaafu bandarini. Katika wiki ya kwanza alinieleza, kwa fahari kubwa, kwamba maisha yake yote alikuwa camallo. Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na neno hilo lilinigutusha, kwa sababu hata kwa lafudhi yake ya Kigenova nililisikia wazi kabisa: hamali. Nilimwomba alirudie. Akalirudia huku akijigusa bega la kulia, kisha akainuka taratibu kwenda kunionyesha kulabu ya chuma iliyotundikwa nyuma ya mlango, ambayo mpini wake wa mbao umelika mahali pale pale vidole vyake vilipokaa kwa zaidi ya miaka thelathini ya kuvuta magunia ya kahawa na marobota ya pamba.

Mahamali wa kwetu na wa Genova wamepata jina lao katika Kiarabu, kwa kuwa hiyo ilikuwa mojawapo ya lugha kuu za biashara ya bahari pande zote mbili. Katika karne ya 12 merikebu za Genova zilikuwa zikitia nanga Alexandria na Tunis, kama majahazi ya Arabuni yalivyotia nanga kwetu, na pamoja na viungo na vitambaa mabaharia walirudi na maneno. Bandari ya ndani huitwa Darsena, jina lililotokana na dar as-sinaa, nyumba ya ufundi. Ndani yake imo dar ile ile ya Dar es Salaam, na sanaa ile ile tunayoitaja kila siku. Forodha huitwa dogana, na asili yake ni neno lile lililotupa sisi diwani. Orodha ya ushuru ni tariffa, nayo ni ndugu wa taarifa. Hata ushirika wa matajiri waliokitawala kisiwa cha Chios kuanzia karne ya 14 uliitwa Maona, yaani msaada, na sisi mzizi huo tunao tunaposema kumuauni mtu.

Chama cha kale cha wapagazi wa forodhani, Compagnia dei Caravana, kilikuwa na kanuni zake za maandishi tangu mwaka 1340. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kwa karne nyingi wanachama wake hawakuwa Wagenova, bali watu wa mabonde ya Bergamo, huko milimani, mbali kabisa na bahari. Niliposikia habari hiyo niliwakumbuka Washihiri wa Mombasa na Unguja, waliotoka Hadhramaut wakabeba mizigo na kuuza maji mitaani, hata wajukuu wao wakawa wenyeji wasioulizwa tena walikotoka.

Atakayetaka kuuelewa mji huu atazame kwanza milima. Imesimama nyuma ya nyumba kama ukuta, na kati yake na maji hakuna uwanda wa kulima ngano wala wa kufuga. Ndiyo maana watu wa hapa walielekea baharini mapema, na ndiyo maana nyumba zimerefuka kwenda juu, ghorofa sita au saba, zikitenganishwa na vichochoro viitwavyo caruggi ambavyo jua huvifikia kwa muda mfupi tu wa mchana. Wageni wengi hupotea humo. Mimi niliyelelewa katika vichochoro sikupotea, ila nilipata tabu na watu wenyewe, kwa maana Mgenova ni mzito wa kusema, hamkaribishi mtu ndani upesi, na fedha yake huitoa kwa hesabu. Kwa miaka miwili niliamini kwamba jirani zangu wananichukia. Baadaye nikaona kwamba hata wao kwa wao ndivyo walivyo, na kwamba jirani aliyekuwa hanijibu salamu ndiye aliyeacha kapu la malimau mlangoni kwangu nilipougua, bila kugonga. Wana pia desturi ya kunung'unika, mugugno, wanayoienzi kama haki: husimuliwa kwamba mabaharia wa zamani walipopewa hiari kati ya mshahara mnono pasipo ruhusa ya kulalamika na mshahara mdogo wenye ruhusa hiyo, waliuchagua ule mdogo.

Utajiri uliofichwa nyuma ya ukimya huo ulikuwa mkubwa mno. Katika karne ya 16 mabenki ya Genova ndiyo yaliyowakopesha wafalme wa Hispania. Mwaka 1576 serikali ya Jamhuri ya Genova iliandika orodha za majumba ya kifahari, rolli, ambayo wenyewe walilazimika kuwapokea wageni wa dola kila nyumba kwa daraja lake. 42 kati ya majumba hayo yamo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006. Karibu na maji limesimama jengo la San Giorgio, la mwaka 1260, lililokuja kuwa makao ya benki iliyoanzishwa 1407. Inasemekana Marco Polo alifungwa humo. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1298 alikuwa mfungwa Genova, na hapo ndipo alipomsimulia mfungwa mwenzake, Rustichello wa Pisa, habari za safari zake, ikiwamo sura juu ya Zanghibar, nchi ambayo hakuifikia kamwe. Kila ninapopita mbele ya jengo hilo husimama kidogo kwa ajili ya jina hilo.

Lakini sitaki kuusifu mji huu kupita kiasi. Sehemu ya mali yake ilitokana na watumwa, walionunuliwa katika koloni lake la Caffa, pwani ya Bahari Nyeusi, na kuuzwa Misri na hata katika nyumba za Genova yenyewe. Na mwaka 1869 ni kampuni ya meli ya hapa, ya Rubattino, iliyonunua ghuba ya Assab katika Bahari ya Shamu, na kutokana na ununuzi huo likazaliwa koloni la Italia huko Eritrea.

Mzee wangu hapendi kuzungumza juu ya mabenki. Yeye huhesabu historia kwa siku ambazo watu wa kazi walikataa. Tarehe 25 Aprili 1945 jenerali wa Kijerumani, Meinhold, alitia sahihi hati ya kusalimu amri mbele ya mfanyakazi, Remo Scappini, aliyeongoza kamati ya ukombozi, na bandari iliyokuwa imetegwa mabomu ikaokolewa. Tarehe 30 Juni 1960 mahamali walikuwa mbele katika maandamano ya kuuzuia mkutano wa chama cha wafuasi wa ufashisti. Na Mei 2019 wapakizi waligoma kuipakia shehena meli ya Saudia, Bahri Yanbu, kwa sababu ya vita vya Yemen. Siku hiyo mzee aliniomba nimvalishe koti, akashinda dirishani akiitazama bandari.

Jumamosi tukijaliwa tunateremka kwa lifti ya umma ya Castelletto, tunakwenda polepole hadi Sottoripa, chini ya matao yanayoelekea bandarini. Pesto, mchuzi wa mrehani uliopondwa, ilinichukua muda kuizoea, kwa kuwa kwangu mrehani ni wa kikuba, unaofungwa pamoja na asumini na kuvaliwa harusini, na sikuweza kuumeza bila kuona nyuso za mama zangu wakubwa. Farinata sikuhitaji kufundishwa. Ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, unaomiminwa katika sinia pana la shaba na kusukumwa ndani ya tanuri la kuni, hadi uso wake uwe na rangi ya bajia. Mwokaji huikata kwa kisu cha duara na kuifunga katika karatasi ambayo mafuta huipenya kabla hujalipa. Mzee hula ya ukingoni, iliyokauka. Mimi huchukua ya katikati.