Vitabu vya ulezi na riwaya haviongei lugha moja

Jamani wenye mimba wenzangu wa Mwanza, mnasoma nini? Mi vile vitabu vya ushauri vimenichosha, vinaongea kama umama ni zawadi, we fuata tu maelekezo. Afadhali Dkt. Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani, kwenye kitabu chake cha ulezi tangu 1946 aliwaambia wazazi wajiamini, wanajua mengi kuliko wanavyodhani.

Sasa hamia kwenye riwaya uone! Buchi Emecheta wa Nigeria mwaka 1979 katoa The Joys of Motherhood, yani raha za umama, kumbe ni kejeli, mhusika mkuu, mama anayeitwa Nnu Ego, anahangaika na wanawe huko Lagos, anauza sigara na kuni, wakubwa wanasoma mpaka ng'ambo, halafu yeye anakuja kufia barabarani hana hata mtoto mmoja pembeni. Nililia kwenye daladala ya Nyegezi mpaka nikapitiliza kituo, konda ananishangaa tu.

Nikamsimulia mama mkwe, yuko zake uani anaparua sato magamba yanaruka mpaka kwenye khanga, wala hakuinua macho, "kwani hao watoto hawakuwa na shangazi?"

Riwaya yote mama kaimaliza hivyo 😂