Inakunywa ya mwaka jana

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa sana na ile kalenda iliyotundikwa chumba cha kwaya, miezi yake ilishapita zamani ila hakuna anayeitoa kwasababu ya picha. Ni mchoro wa Millet, Mfaransa, mtoto wa mkulima, ameuita Le Printemps, yani majira ya machipuko kule kwao baridi ikishaisha, aliuanza 1868 akaumaliza 1873. Kuna kinjia kinakatiza bustani, mitufaa imechanua maua meupe, wingu zito jeusi juu na upinde wa mvua, halafu ukisogea karibu kabisa unamuona mtu mdogooo kajikinga chini ya mti. Mimi nimeimba humo miaka mitatu ndo nikaja kumuona!

Wimbo Ulio Bora 2:11-12 inasema mvua imekwisha, imekwenda zake, ndipo maua yanatokea. Sasa sisi wa Tabora hapo tunakwama kidogo, maana kwetu mvua ikiisha ndo vumbi linaanza na watu wanaanza kuchoma misitu (hili nalo tuliombee jamani).

Ila mwishoni mwa Septemba basi letu lilipata pancha njia ya Sikonge, tukashuka wote, jua kali, ardhi imekauka mpaka inapasuka, na miyombo pande zote imetoa majani mapya mekundu kama shaba, teketeke ukishika, na mvua mpaka Novemba huko. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa na madumu yake ya asali, shikamoo baba, hii miti inachipua kwa maji gani? Akasema, "Inakunywa ya mwaka jana mwanangu. Mizizi iko chini sana." Akarudi kulinda madumu yake.

Kiukweli nilishaacha kuombea kazi ya kijana wangu, miaka miwili hata dalili hamna. Pale barabarani nikaikumbuka Yeremia 17:8, ule mti usioogopa hari, nikaanza kuhesabu ya mwaka jana: alivyougua, alivyoinuka, ada ilivyopatikana siku ya mwisho. Nikaomba tena, fundi bado yuko chini ya basi.

Yule mtu wa kwenye picha alivyojibana pale nadhani anaona matone tu.

Kijana bado hajaitwa. Jumapili mkinikuta chini ya mwembe wa nje nimekaa peke yangu, niacheni kidogo, ntaingia.