Siku moja maishani mwangu: mkaguzi wa rangi za viwandani akiwa mkutanoni

Saa kumi na moja alfajiri. Watu wakisikia kwamba fulani yuko mkutanoni hotelini, hufikiria chai ya saa nne, chakula cha mchana na bahasha ya posho. Mimi ni mkaguzi katika karakana moja ya Dar es Salaam inayosafisha vyuma na kuvipaka rangi za kuzuia kutu, na nakiri kwamba siku ya mkutano wa watu wa fani yetu hunichosha kuliko siku ya kukwea matangi ya mafuta kule Kurasini. Tangini nashindana na jua na upepo tu, lakini mkutanoni nashindana na imani iliyoenea nchi nzima kwamba kupaka rangi ni kazi ya yeyote mwenye brashi.

Kabla ya kwenda hotelini ilinilazimu kupitia karakanani kuchukua vipande vya maonesho. Mihimili iliyolala nje ilikuwa imelowa umande kiasi kwamba kiganja changu kilitoka na maji, na kipimo kilionyesha unyevunyevu wa asilimia 91. Sisi hatupaki rangi ukizidi asilimia 85, na hata ukiwa chini ya hapo, joto la chuma lazima lizidi joto la kufanyika kwa umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi. Nikamwachia msimamizi maagizo kwamba asiwashe kompresa mpaka jua lipande, maana chuma kilichopulizwa, yaani kilichosafishwa kwa chembe ngumu zinazorushwa kwa hewa ya kompresa, kikang'aa huanza kushika kutu ndani ya saa chache katika hewa hii ya pwani, na kazi yote ikarudiwa.

Saa moja asubuhi tulikuwa getini, mimi na kijana wangu wa karakanani, tukiwa na vipande vya bamba la chuma, mashine ya kupimia mshiko wa rangi, makopo ya epoksi, rangi ngumu ya kuzuia kutu, na galoni moja ya thina. Mlinzi alilifungua galoni, akanusa, akalifunga. "Kaka, hii haiingii ukumbini." Kusema kweli alikuwa na haki, na laiti viwanda vyetu vingekuwa na walinzi wa namna ile. Tuliafikiana kwamba onesho la kupaka lifanyike nje, kwenye baraza inayotazama bustani, na thina ikae kivulini chini ya uangalizi wake.

Saa tatu. Ratiba ilisema kwamba mgeni rasmi angefungua mkutano, kisha angepitishwa kwenye mabanda, na banda letu lilikuwa la kwanza. Dada mratibu alikuja akihema, simu mkononi. "Kaka, changanya rangi sasa, mgeni yuko njiani." Nilimweleza kwamba rangi ya epoksi huja katika makopo mawili, na kwamba hadina, yaani dawa ya kuikaza, ikishamiminwa ndani ya rangi hakuna tena wa kuisimamisha, aina tuliyokuja nayo ni ya kukauka haraka, na joto la Dar es Salaam huiharakisha zaidi. Alinisikiliza kwa adabu, akasema tena, "Changanya, kaka, dakika tano tu." Nikachanganya kiasi kidogo. Dakika tano zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini, na kopo likaanza kupata joto mkononi kwa sababu mchanganyiko ule unapokaza hutoa joto lake wenyewe. Mgeni rasmi alipoingia, kijiti cha kukorogea kilikuwa kimesimama wima katikati ya kopo na hakitoki. Ilibidi achanganyiwe jingine huku wapiga picha wakisubiri. Alipaka mkono mmoja wa brashi, akatabasamu, akaondoka, nami nikabaki na kopo la jiwe ambalo baadaye lilivuta watu wengi kuliko banda zima.

Mada za asubuhi zilipita haraka. Mtoa mada wa kwanza alianza na meli ya Liemba, na ukumbi mzima ulitulia, kwa sababu hakuna mfano mzuri wa kazi yetu ulio karibu nasi kuliko huo. Meli hiyo ilijengwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha katika Ziwa Tanganyika ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isishike kutu. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliikuta mitambo ikiwa katika hali ya kutengenezeka, na mwaka 1927 meli ilirudi kazini. Kisha wakafuata watu wa zinki, ambao huchovya vyuma katika zinki iliyoyeyushwa kwenye joto la nyuzi 450 hivi, na watu wa kromu, waliobishana muda mrefu juu ya kuiacha kromu ya daraja la sita, ambayo husababisha saratani, na kuhamia ile ya daraja la tatu. Mimi nilisikiliza kwa sikio moja, kwa kuwa jingine lilikuwa kwa msimamizi wangu aliyepiga simu kuuliza kama asilimia 86 inaruhusiwa. Hairuhusiwi.

Baada ya chakula cha mchana, wakati ukumbi una usingizi na nusu ya viti vitupu, ndipo waandaaji walipoiweka mada iliyostahili kufungua mkutano. Daktari mmoja alizungumza juu ya mapafu ya wapuliza mchanga. Mchanga wa kawaida una silika, na unapopigwa kwenye chuma kwa hewa ya kompresa husagika kuwa vumbi laini lisiloonekana, vumbi hilo likaingia mapafuni na kutia makovu yasiyopona. Uingereza ilipiga marufuku kutumia mchanga wa silika katika kupuliza vyuma kwa kanuni za mwaka 1949. Huku kwetu bado unaweza kumkuta kijana amejifunga kipande cha kitambaa puani, akipuliza mchanga wa mtoni kwa malipo ya kutwa, ilhali chembe za chuma na za ganeti, jiwe gumu, zipo sokoni. Bei yake ni kubwa, ni kweli, lakini ganeti huchekechwa na kutumika tena, na chembe za chuma hurudiwa mara nyingi zaidi. Daktari aligusia pia hadina ya rangi ya poliyurethani, yenye isosianeti, inayoweza kumpa fundi pumu ya maisha akiipuliza bila kuletewa hewa safi ya kupumua kwa mpira. Nilitamani wakandarasi wote wangekuwa ndani. Walikuwa nje, kwenye kahawa.

Mmoja wao ndiye aliyenikuta bandani nilipotoka, na kuanzia hapo sikuitazama saa tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Nyie ndio mnaouza rangi?"

Nilimweleza kwamba hatuuzi rangi, bali tunaandaa chuma na kukipaka. Hakulijali jibu. Alitoa simu na kunionyesha picha za tangi la chuma lililosimama karibu na bahari kule Kigamboni, limejaa malengelenge, na chini ya kila lengelenge kutu. Alinionyesha picha moja moja, akirudia zile zile, akisema kwamba rangi aliyouziwa ilikuwa feki na kwamba siku hizi kila kitu ni feki. Nilimuuliza chuma kiliandaliwa vipi. Akasema vijana walikipiga brashi ya waya wakakifuta kwa thina. Nilimuuliza kama kilioshwa kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya hapo. Akacheka. "Kijana, nani anaosha chuma?"

Hapo ndipo nilipotumia muda wangu wote uliobaki. Nilimwambia kwamba upepo wa bahari huacha chumvi juu ya chuma, kwamba brashi ya waya haiiondoi, na kwamba chumvi ikibaki chini ya rangi huyavuta maji kupitia katika rangi yenyewe mpaka malengelenge yakatokea, hata rangi ikiwa halisi na ya bei ya juu. Nilimwambia kwamba kiwango cha kimataifa cha rangi za kuzuia kutu, ISO 12944, huyaweka maeneo ya pwani yenye chumvi nyingi katika daraja la C5, na kwamba mfumo wa rangi unaotarajiwa kudumu miaka 15 hadi 25 katika mazingira hayo hudai kwanza chuma kipulizwe hadi Sa 2½, yaani kisibaki na kutu wala ganda la kiwandani, lile tabaka jeusi ambalo chuma hutoka nalo kiwandani, isipokuwa madoa hafifu tu. Alitikisa kichwa kwa kila sentensi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo unataka kuniambia rangi haikuwa feki?"

Niliacha kueleza, nikamkabidhi mashine. Tulikuwa na vipande viwili vilivyopakwa rangi ya kopo moja, kwa mkono wa fundi mmoja, kwa unene ule ule. Tofauti ilikuwa moja tu: cha kushoto kilisafishwa kwa brashi ya waya na cha kulia kilipulizwa. Juu ya kila kimoja tulikuwa tumegundisha vijiti vya aluminiamu tangu jana, ili gundi ikauke vizuri. Mzee alizungusha mwenyewe mpini wa mashine, ambayo huvuta kijiti mpaka king'oke. Kijiti cha kushoto kiling'oka kabla mshale haujafika megapaskali 3, kipimo cha nguvu ya kuvuta, na nilipokigeuza chini yake palikuwa na rangi nzima pamoja na unga wa kahawia wa kutu uliomwachia doa kidoleni. Cha kulia alikizungusha mpaka jasho likamtoka, mshale ukapita 10, ndipo kikatoka kwa kishindo. Kilichokatika kilikuwa gundi, na rangi ilibaki juu ya chuma haina hata mkwaruzo.

Alikitazama kidole chake kwa muda. "Hizi si mmezitengeneza nyie wenyewe," akasema.

Wakati huo wote wahandisi wawili wa kiwanda cha sukari walikuwa wamesimama nyuma yake, wakiwa na orodha ya maswali mkononi, nami kila nilipotaka kuwageukia mzee alinishika mkono. Walisubiri, wakatazama saa zao, wakachukua kipeperushi, wakaenda. Kijana wangu aliwakimbilia na kurudi na namba ya simu, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu swali lao lilikuwa la maana: namna ya kulinda chuma kinachopata mvuke na maji matamu ya miwa siku nzima. Hilo ndilo swali ambalo mtu huenda mkutanoni akitumaini kuulizwa.

Mzee hakuwa na haraka. Alikaa kwenye kiti changu, akaomba maji, akanieleza historia ya tangi hilo tangu msingi, akalipima lile kopo la jiwe kwa mkono na kucheka sana. Miguu yangu ilikuwa inauma kwa namna ambayo hainiumi hata nikishinda juu ya jukwaa. Mwishowe alisimama, akachukua kofia tatu za zawadi, akasema maneno niliyoyahofia tangu mwanzo: "Basi niandikie bei mbili. Moja ya kupuliza, na moja ya bila kupuliza."

Hotuba ya kufunga niliisikia kwa mbali nikiwa napakia vipande garini. Nilipofika karakanani giza lilikuwa limeingia. Mihimili ilikuwa imepulizwa mchana na kupakwa praima, yaani rangi ya kwanza, kabla ya saa kumi, na kipima unene kilisoma maikroni (elfu za milimita) 70 na ushee karibu kila nilipokigusisha, kama tulivyotaka. Nikaketi kwenye meza ya ofisi, nikawaandikia kwanza wahandisi wa sukari, kisha mzee wa Kigamboni. Nimemwandikia bei moja tu: kuosha chumvi ni mstari wa kwanza, kupuliza wa pili, na rangi yenyewe iko mstari wa tano.