Moroko ni Marrakesh, na Jemaa el-Fnaa ni Jeevanjee yao

Mnakumbuka CHAN ya 2025, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, vile Harambee Stars walipiga Moroko moja bila pale Kasarani, Ryan Ogam akafunga na tukamaliza mechi tukiwa watu kumi, halafu wale jamaa wakatulia tu, wakarudi hapo hapo Kasarani tarehe 30 Agosti wakapiga Madagascar 3-2 na wakabeba kombe mbele ya macho yetu. Tangu hapo usiku badala ya kulala nasoma mambo ya hiyo nchi, na cha kwanza kilichonishika ni jina, maana wenyewe hata hawajiiti Moroko. Wao ni Al-Maghrib, yaani magharibi, na magharibi ukimtajia Mnairobi anafikiria Kakamega na kuku.

Moroko imetoka kwa jina la mji, Marrakesh. Masultani walikaa huko miaka mingi mpaka Wazungu wakaona mji na nchi ni kitu kimoja, na Wairani hadi leo nchi nzima wanaiita Marrakesh. Waturuki nao wanaiita Fas kwa sababu ya Fez, mji mwingine wa kifalme wa huko huko, basi kila mtu na mji wake.

Mji ulianzishwa kama 1070 na Al-Murabitun, Waberberi waliotoka jangwani pande za Mauritania ya leo, wakiongozwa na Abu Bakr ibn Umar, kisha binamu yake Yusuf ibn Tashfin akachukua usukani na akatawala hadi ndani ya Uhispania. Al-Muwahhidun, ukoo mwingine wa Waberberi, wakauteka 1147, hao ndio walijenga msikiti wa Kutubiyya wenye mnara wa kama mita 77, na jina tu linakuambia ni mambo ya vitabu, kulikuwa na soko la wauza vitabu hapo chini. Kuta ni za udongo mwekundu, UNESCO wakauandika mji mkongwe kwa orodha yao 1985. Sawa. Lakini kuta na misikiti ya zamani hata Lamu iko nayo, mimi kilichonimaliza ni ule uwanja wa katikati, Jemaa el-Fnaa.

Huo uwanja hauna jengo la maana la kuonyesha mgeni. Kuna watu. Mchana unapata waganga wa mitishamba, wauza maji, wacheza na nyoka, akina mama wa hina, jioni moshi wa nyama unaanza kupanda na watu wanajipanga duara, duara lenyewe linaitwa halqa, katikati kuna mzee anapiga hadithi au wanamuziki wa Gnawa wanacheza ngoma zao, na stori ikifika patamu mzee anasimama kwanza, anapitisha mkono apate chochote. Hiyo ndio UNESCO walitangaza kuwa urithi mwaka 2001, yaani waliandika mdomo, si mawe!

Na walifika hapo kwa sababu kulikuwa na mipango ya kuweka parking chini ya uwanja na jengo refu la vioo pembeni. Mwandishi Mhispania Juan Goytisolo, aliyekuwa anaishi karibu na hapo, akapiga kelele hadi dunia ikasikia.

Sasa wewe wa Nairobi si hii unaijua? 1991 hapa bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, kulikuwa na mpango wa parking na maduka, Zarina Patel, mjukuu wa A.M. Jeevanjee mwenyewe aliyeupa umma hiyo bustani 1906, akasimama na watu wakasimama naye, mpango ukafa. Na hapo ndani kuna nini? Wahubiri, watu wamelala kwa nyasi, na Bunge la Mwananchi, wazee kwa vijana wanabishana siasa tangu asubuhi bila kulipwa na mtu. Tena barabara ya pembeni ni Moktar Daddah, rais wa kwanza wa Mauritania, kule kule Al-Murabitun walikotoka, sijui nani alipanga hiyo lakini imenifurahisha sana.

Tofauti naiona moja. Jemaa el-Fnaa imejaa watalii, ukipiga picha ya nyoka unatoa pesa, na wale wazee wa hadithi wamebaki wachache sana, kwa sababu orodha inalinda uwanja lakini haimletei mzee mwanafunzi. Jeevanjee haiko kwa orodha yoyote ya UNESCO na hakuna mtalii anashushwa hapo na basi, lakini wabishi hawaishi, kila bajeti ikisomwa wanazaliwa wapya. Kwa hivyo mkisikia kuna mtu wa kaunti ana mpango wa "kuboresha" Jeevanjee, muulizeni kwanza Bunge litakaa wapi.